Nyumba ya Geti la Bluu

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka leo, sijui uso niuweke wapi.

Si unamjua yule dalali mwenzangu wa ofisini, Bi Kamera, anayerekodi kila chumba kama anarekodi harusi? Asubuhi kaweka nyumba mpya kwenye status. Sebule inang'aa, upepo unacheza na pazia. Roho ikaniuma, shoga. Nyumba kama hizi huyu anazitoa wapi, na mimi kila siku naletewa mapango?

Nikachukua simu ya mume wangu nikampigia. Nikabana pua, nikajifanya mteja. Nilitaka anielekeze tu, nimfuate mwenye nyumba, nimpokonye Bi Kamera hiyo kazi.

Akanielekeza kwa upole wake ule unaoudhi. Pita kiwanda cha magodoro, utaona geti la bluu.

Pua nikaiachia, nikaropoka kwa sauti yangu: Geti la bluu.

Akasema, "Dada, ni wewe? Mbona hiyo ni ile nyumba yako iliyokushinda kupangisha, ukanipa funguo juzi huku unacheka?"

Yangu, shoga. Ile ile niliyokuwa nakwambia ni kaburi.

Nikamuuliza, umeifanya nini? Eti hakufanya kitu. Kafuta vioo, kasogeza kabati la sebuleni, karekodi jua likiwa upande ule.

Kabati. Mwaka mzima nimewapitisha wateja mle nikiwaomba radhi kwa giza, kumbe nyuma ya kabati kuna dirisha.