Simu Yako Bado Inalia Wawi

Kaka Faki,

Ulinizoesha kwamba kila nikigusa kitu kwenye programu niandike nini nimebadilisha na kwa nini, hata kikiwa ni rangi ya kitufe tu. "Usiniandikie 'nimerekebisha'," ukisema. "Umerekebisha nini, yakhe?" Basi nakuandikia. Mengi yamebadilika tangu ututoke, na la kwanza nimeliharibu mie mwenyewe.

Siku ya tatu, matanga yalipoondolewa, mama yako aligawa vitu vyako. Kanzu kwa ami yako, baskeli kwa binamu yako wa Ole, na kompyuta itolewe sadaka kwenye chuo cha Kurani, watoto wajifunzie. Akaniita mie, kwa kuwa ndimi niliyekaa nawe miaka miwili kwenye kile chumba cha uani nikijifunza kazi. "Yafute mambo yake, mwanangu," akasema. "Siri za mtu zisitembee." Nikapiga bismillahi, nikafuta kila kitu bila ya kufungua hata faili moja. Niliona haya kutazama. Nilijiambia maiti husitiriwa, na anayemwosha hupeleka macho pembeni. Nikatoka pale najiona nimekutendea wema.

Kumbe nimeufuta ufunguo wa saini ya programu yetu.

Siku ya saba, baada ya hitima, tulikuwa tunakosha masahani simu yako ikalia. Mama yako alikuwa akiichaji kila siku, hakutaka izimike. Ujumbe ulisema: "Kojani. Uchungu umeanza." Ile programu yetu, Kaka. Mjamzito kule kisiwani Kojani anabonyeza kitufe chekundu, ujumbe unakuja kwako, nawe unampigia Mzee Shaame alete boti na mkunga wa ng'ambo ajiweke tayari. Mama yako aliusoma, akaninyooshea simu. Nikampigia Mzee Shaame na sabuni mikononi. Yule mwanamke akavushwa, akajifungua salama.

Kesho yake asubuhi nikakaa nibadilishe namba, ujumbe uje kwangu. Nikaikuta namba yako imeandikwa ndani kwa ndani. Weye! Weye uliyenigombeza mbele ya watu kwamba namba ya mtu haiandikwi ndani ya programu, inawekwa mahali pa kubadilishika! Na pembeni ukaacha maneno: "Ya muda tu, Mzee Shaame akiacha kubadilisha laini nitaitoa niweke yake." Mganga hajigangi. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikapandwa na hasira. Bado ninazo, wallahi, nisamehe.

Nikaibadilisha kwenye nakala ya programu niliyonayo, nikaipeleka kwenye simu, simu ikakataa. Saini si ile. Simu haipokei toleo jipya ila kwa saini ya yule aliyetoa la mwanzo, na ufunguo wa kutia saini hiyo ulikuwa mmoja tu, kwenye kompyuta niliyoifuta. Uliniahidi nakala yake baada ya Idi. Idi imepita.

Sikumwambia mama yako. Akiniuliza mbona watu wa Kojani bado wanakutafuta, namwambia mtandao una matatizo, nitautengeneza. Uongo mtupu. Nilikuwa nakwenda kwenu kila siku, najifanya nakuja kumsalimia, kumbe nakwenda kutazama chaji.

Halafu umeme ukakatika kwenu Wawi siku mbili, nami nipo kitandani na homa. Uliporudi na simu yako kuwaka, zikaingia jumbe tatu kwa mpigo, zote za mtu mmoja. Alijifungulia kwenye ngarawa ya shemeji yake, katikati ya maji. Wazima wote wawili, alhamdulillahi. Lakini mie sikuweza kula siku ile.

Nikaenda nikamwambia mama yako yote. Kwamba ufunguo niliufuta mie, kwamba namba yako haiwezi kutoka kwenye simu za watu. Aliichomoa simu yako kwenye chaji, akaishika. Kisha akasema, "Kwa hiyo na weye umemwosha mwanangu. Basi hukumaliza kazi. Kamalize." Na tangu siku ile simu yako anaipokea yeye. Nimemwekea namba ya Mzee Shaame kwenye kitufe kimoja, anabonyeza na kumwamrisha mzee wa watu utadhani boti ni yake.

Mie nikatengeneza upya. Ufunguo mpya, saini mpya, namba yangu mahali pa kubadilishika. Nikaijaribu kwenye zile simu zako kuukuu za majaribio zilizopasuka vioo, si kwenye simu ya kuigiza ya kompyuta, maana ulisema ile haijawahi kuloa maji ya chumvi. Kisha Kojani, nyumba kwa nyumba: unafuta ya zamani, unaweka mpya. Simu thelathini na moja. Wanawake wananikabili mlangoni, "Kwani ile ya Faki ina kasoro gani?" Nimjibu nini mtu? Nasema ya Faki haina kasoro, Faki ndiye hayupo. Wanatoa simu, wananipa na kahawa.

Imebaki moja, ya Mwanakombo, alikuwa kwao kwa mama yake na sasa amerudi. Nakwenda kesho. Ningekwenda juzi, lakini nilichelewa makusudi, na unajua kwa nini. Ikifutwa hiyo, hakuna tena wa kuiliza simu yako. Na mama yako anajua. Sikumficha safari hii.

Ufunguo mpya una nakala mbili, Kaka. Moja ninayo mie, moja ipo kwenye sanduku la mama yako, chini ya kanga zake, na nywila ameihifadhi moyoni pamoja na nyiradi zake. Nakuahidi hautakufa na mtu mmoja. Mungu akulaze pema, na akusamehe ile "ya muda tu".

Jana mama yako aliniambia nikifika kwa Mwanakombo nisiifute kwanza. Nibonyeze kitufe chekundu mara moja, bila ya uchungu wa mtu, aisikie simu yako inalia. Nitabonyeza. Nitangoja anipigie aseme ameisikia. Ndipo nitafuta, na mara hii nitatazama.

Mwanafunzi wako,
Zuhura