Sifa Zako Zimo Koponi

Mpendwa Mjomba,

Jana, baada ya hitima yako, mhariri wangu alinitaka niandike sifa zako gazetini. Akapendekeza nianze hivi: alikuwa mvuvi mtiifu wa sheria. Nimekataa, nawe wajua kwa nini.

Unaikumbuka ofisi ya leseni? Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na kwenda dago Moa, kupiga kambi na kuvua upande wa Tanganyika kama alivyofanya baba yako hadi akazikwa huko, sasa kulitaka karatasi. Mimi nilisimama mlangoni nikitafuta habari. Karani, kijana wa bara mwenye adabu, alikwambia leseni haitoki mpaka ulete sifa zako kutoka kwa mtu anayejulikana na serikali. Ukamuuliza kama anayejulikana Moa atafaa. Akasema hafai.

Ukaenda nyumbani Bondeni, ukarudi na kopo la sifa, yale mafuta ya papa mnayopaka vyombo vyenu vya baharini, yaliyochachia juani. Ukaliweka mezani, ukalifungua.

"Sifa zangu hizi, mwanangu. Moa wazijua kabla sijatia nanga."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Nikopeshe kidogo, Shee. Zangu zilikwisha nilipooa."

Karani, mkono puani, alikusihi kwa upole: mistari miwili tu kutoka kwa mtu mkubwa, naye atagonga muhuri. Hapo wewe hukucheka.

"Nikaombe mtu aniandikie kwamba mimi ni mwema, ndipo nilione kaburi la babangu?"

Wapo wanaosimulia kwamba ulipewa leseni. Hukupewa. Ulikwenda vivyo hivyo, ukarudi na ng'onda, samaki uliowakausha kwa chumvi huko dagoni. Safari ya pili ulikamatwa mpakani Vanga, nyavu zikachukuliwa. Mkaza mjomba alikuomba ukaitafute ile barua, yaishe. Ulikaa kibarazani ukaanza kusuka jarife jipya, wavu wa papa, na lilipokamilika ukaenda tena.

Nyumba yako ni kimya, na hilo silizoei. Lakini sitakupamba kwa maneno ya ofisi. Nimemwambia mhariri kwamba sifa zako zimo koponi, nyuma ya mlango wako, na hata msomaji hitima jana alijiziba pua akipita. Akizitaka, aje alifungue mwenyewe.

Buriani, Mjomba. Barua hii sikuiombea ruhusa kwa mtu.

Mpwa wako