Dungu Lisilochorwa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Nyamisati sote wazima. Shangazi yako kajifungua wa kike, na goti langu limepunguza ukorofi. Umeniandikia kwamba mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto wamekuja shuleni kwenu huko Dodoma, ukauliza kama na sisi tuliwahi kutembelewa.

Walikuja, nikiwa darasa la nne. Mchoraji, mama mmoja mpole, alishika chaki akauliza, "Mto ukifurika, shambani mnakaa wapi?" Mimi nilikaa na bibi yangu kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo ndefu, tukiamia ndege wasile mpunga. Lakini wageni wametoka mjini, viatu vinang'aa, nikaona haya. Nikanyoosha mkono. "Kwenye nyumba ya bati, mwalimu." Akanisifu, akaichora.

Mwaka uliofuata kitabu chao kikaletwa shuleni, nikampelekea bibi kule kule dunguni. Kusoma hajui, lakini alifunua ukurasa mmoja mmoja, akipitisha kidole kwenye mto, mpunga, mtumbwi, mpaka ile nyumba ya bati. Akarudia tena toka mwanzo.

"Mto ndio wetu huu," alisema. "Dungu letu mbona silioni? Basi hao wageni kwetu hawakufika."

Alikufa akiamini hivyo, Zuhura. Kumbe walifika, tena aliyeulizwa ni mimi.

Bibi yako,
Mwajuma