Insha Iliyokufanya Muuaji

Ndugu yangu Bonaya,

Huu ni mwaka wa tatu tangu wanao wakuzike kule tambarare, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Ulipokuwa hai sikuwa na haja ya kukuandikia. Barua zako zilitoka kwa watu wengine: chifu, daktari wa mifugo, mwanao aliyekuwa Hola. Ulizivusha mto zikiwa zimekunjwa ndani ya kilemba, ukanijia shuleni nikusomee, hata kama watoto walikuwa katikati ya hesabu. "Mwalimu, soma yote," ulikuwa ukisema. "Hata kama iko tusi, soma." Siku moja niliruka mstari wa chifu kwa kukuonea haya. Ulijua kwa kuutazama uso wangu, ukanirudisha nyuma.

Basi ipo karatasi nyingine inayokutaja, nayo ina tusi. Ni kurasa mbili za Kiingereza. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nilitamani kunawa mikono.

Unamkumbuka Habona, mjukuu wangu, uliyemwita Samaki kwa sababu alitaka samaki tu, akakataa maziwa yenu yenye harufu ya moshi. Sasa ana miaka ishirini. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu cha serikali, anasomea uhandisi wa maji, ikiwa kusoma ndilo neno lenyewe. Katika miaka miwili maabara ya maji aliiona kupitia dirishani tu, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli na mwenye ufunguo hakujulikana. Wahadhiri waligoma muhula mzima. Alipoamua kuhamia chuo kikuu kimoja cha binafsi kule Nairobi, chenye sifa na chenye kuchukua wachache mno kati ya wanaotoka vyuo vingine, nilimwambia ajaribu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mtoto akitafuta shule iliyo bora siwezi kumkataza.

Sikujua kuhama chuo ni kazi kubwa kiasi kile. Walitaka matokeo yake yote, na maelezo ya kila somo alilosoma, kila ukurasa ukiwa na muhuri wa idara. Alikwenda ofisini mara nne kwa ajili ya muhuri huo. Mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka. Walitaka barua za wahadhiri wawili. Walitaka insha ya kueleza jambo lililomfanya awe alivyo. Mwisho walitaka barua ya mlezi, yenye sahihi, ya kuthibitisha kwamba yaliyomo ndani ya insha ni kweli. Mlezi ni mimi. Ndiyo sababu alipanda basi akaja Garsen.

Aliniwekea karatasi mezani akaenda jikoni kupika chai. Hakutaka kuwapo nikisoma. Hapo tu ningepaswa kujua kuna jambo.

Sasa nikusomee, Bonaya. Insha inaanza alfajiri, nyumba zinawaka. Msichana mdogo amejificha chini ya kitanda. Anaona miguu ya mtu mlangoni, anaitambua, kwa kuwa ni ya jirani mfugaji aliyezoea kula kwao. Jirani huyo ana mkuki wenye damu. Jina lake Bonaya. Msichana anatoroka peke yake, anavuka mto wenye mamba, na akiwa majini anaapa kwamba ipo siku atakuwa mhandisi ili ayatawale maji yale. Ndivyo ilivyoandikwa. Huo ndio mwisho wa tusi, sikuruka neno.

Nilimwita. Nikamuuliza kitanda kilikuwa cha nani, maana sisi tulilala kwenye mikeka. Alicheka kidogo. Akaniambia insha ile hakuiandika yeye peke yake. Yuko kijana mmoja wa Nairobi, alimpata kwa simu, anajiita mshauri wa maombi. Kazi yake ni kuwasaidia wanafunzi wanaotaka kuingia vyuo vikubwa. Habona alimwandikia ukweli wote. Kijana akamjibu kwamba stori imepoa. Akasema wasomaji wa kule wana mamia ya insha na hawana muda wa kutafuta nani mbaya, nani mwema. Mfugaji anayemwokoa mkulima atawachanganya. Akasema mtu wa Delta ya Tana bila damu ni kama pilau bila nyama.

Umeishi na sisi, wajua tumeitwa majina mengi. Lakini nyama ya pilau hatujawahi kuitwa.

Nilimuuliza Habona kama amesahau. Akasema hajasahau hata kidogo. Basi mimi ndiye niliyekaa nikakumbuka, na leo nitayaandika wazi, ingawa uliniomba nisiyaseme.

Baba yangu na baba yako walikuwa na malka moja, njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Mkulima halimi pale, hata kama udongo wa pale ndio mweusi kupita wote. Sisi tulipanda mpunga kulia na kushoto, katikati tukaacha wazi. Kiangazi ng'ombe wenu walishuka wakanywa, na watoto wetu wakapata maziwa. Wewe ulinitania kwamba najua kusoma lakini sina hata ndama. Mimi nilikutania kwamba una ng'ombe mia na huwezi kusoma jina la hata mmoja. Halafu vijana wa kwetu wakaanza kuilima malka, na vijana wa kwenu wakaanza kulisha ng'ombe usiku mashambani, na wakubwa wenye kutafuta kura wakakoleza moto. Tulikuwa na makosa pande zote mbili. Katika insha kuna upande mmoja tu.

Asubuhi ile kijiji chetu kilipochomwa, ulikuja kabla ya watu wenu wengine. Hukuwa na mkuki, ulikuwa na fimbo yako ya kuchungia. Uliniambia nilale ndani ya mtumbwi, ukanifunika kwa matete, ukausukuma uende na maji. Mtoto, Habona, ulinikataza nisimchukue. Ulisema atalia, na akilia tutakufa wote wawili. Mama yake alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Sikuwa na mtu mwingine duniani, nikakuachia huyo mmoja. Ulimfunga nguo ya mkeo, ukampaka samadi, ukamwingiza katikati ya ng'ombe na kijiti mkononi kama mtoto wa kuchunga ndama.

Yaliyofuata ulinisimulia mwenyewe siku mbili baadaye, nyuma ya maduka ya Garsen, uliponirudishia mtoto akiwa mzima, ananuka moshi, anadai samaki. Watu wenu walikuzuia njiani wakauliza huyu ni wa nani. Ukasema ni mtoto wa binti yako Shure. Hawakuamini. Wakakuambia uape. Nawe, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Mungu kwa mzaha, uliapa. "Wallahi, hii mtoto ya Shure." Wakakupisha.

Uliponisimulia hilo hukuwa na furaha ya mtu aliyeokoa mtu. Ulikuwa na aibu. Uliniambia kiapo cha uongo kina kafara yake, ama kulisha masikini ama kufunga, na kwamba kulisha masikini kumi kungezua maswali, kwa hiyo utafunga siku tatu bila kumwambia yeyote. Ukaniomba nisikutaje popote, maana wenzako wakijua watakumaliza. Nikakuahidi.

Ninachotaka ukione ni hiki. Wewe ulisema uongo mmoja, wa kuokoa roho, ukaulipa kwa njaa. Na hapa mezani kwangu palikuwa na uongo wa kutafutia dawati la chuo, umepigwa chapa vizuri, na aliyeutunga alikuwa Nairobi anangoja apewe asante.

Nilimwambia Habona sitii sahihi. Hapo ndipo akanijibu jambo ambalo bado linanichoma. Aliliongea polepole, bila kunivunjia heshima.

"Babu, kwenye kambi ya wakimbizi ulipojaza fomu, hata wewe hukumtaja mzee Bonaya. Uliandika wafugaji walituchomea. Basi."

Ni kweli. Aliyekuwa akiandikisha watu aliuliza nani aliyewafukuza, akaacha nafasi ya maneno mawili. Nikajaza maneno mawili. Najiambia niliheshimu ahadi yako, lakini ukweli mwingine ni kwamba foleni ilikuwa ndefu na maneno mawili yalileta blanketi upesi. Miaka yote hii nimeishi Garsen kama mkimbizi wa nyumbani kwake, nikisikia watu wakikusema wewe na kabila lako lote, nami nikanyamaza kwa jina la ahadi. Mtoto alikulia ndani ya kimya hicho. Mshauri alikuta shimo limechimbwa tayari.

Hata hivyo sikuweka sahihi. Nilimpa sharti: aende akaisome mbele ya mjane wako, na akiimaliza nitaitia sahihi palepale. Alinitazama kama nimetukana. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake jioni. Akasema sawa.

Tulichukua pikipiki mbili hadi kwenu. Mkeo, Mama Shure, amezeeka, macho yamefifia, lakini alimjua Habona kwa sauti, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza Samaki ameshajifunza kunywa maziwa? Habona alikunywa kibuyu kizima. Nikamweleza mama kwamba mtoto anaomba kuhamia shule kubwa, na kwamba mzee ametajwa kwenye karatasi zake.

"Inasema nini juu ya mzee?" aliuliza. "Soma, mtoto yangu. Mimi sikia."

Habona alikaa chini. Akaanza kutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alfajiri aliisoma. Moto aliusoma. Alipofika penye miguu mlangoni, alikwama. Halafu akaendelea, lakini maneno yaliyotoka hayakuwapo kwenye karatasi. Alisema alikuja mzee na fimbo. Alisema nguo ya bibi, samadi, ndama. Alisoma kurasa mbili nzima ambazo hazijaandikwa, na jicho halikubanduka kwenye karatasi. Mama Shure alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kiapo tu ndicho Habona hakukitaja. Sijui kama alikijua.

Tulipotoka nilimuuliza nitie sahihi ipi, ile aliyoisoma au ile aliyoishika. Alimpigia simu mshauri wake palepale kando ya pikipiki, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Akamwambia insha haiendi. Kijana hakukasirika hata kidogo. Alisema kwa upole, kama mtu anayerekebisha nukta, "Kama shida ni jina, tunabadilisha jina tu. Weka lolote la huko."

Lolote la huko. Bonaya, nimesoma vitabu vingi vya watu waovu, na waovu wake walau walikuwa na chuki. Huyu hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na nafasi tupu inayotaka jina. Nilitema mate chini, mimi mzee wa kanisa, mbele ya mwenye pikipiki.

Habona alikata simu. Asubuhi yake alikaa kwenye meza yangu na karatasi mpya. Nilikuwa nimeshajitayarisha kumsaidia. Nilitaka aandike kisa chako chote, kwa kuwa nilijua kingewatoa machozi. Nilikuwa hata nimempangia aya ya kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hapana, babu. Huyo mzee hakunibeba ili nimwombee nafasi." Akaandika juu ya kufuli la maabara, na juu ya ukingo wa mto unaomeguka kila mafuriko na yeye hajui kuupima. Ukurasa mmoja na nusu. Niliusoma, ulikuwa kweli tupu, nikatia sahihi.

Jibu limekuja wiki iliyopita. Hawakumchukua. Barua ni fupi na ina adabu.

Nikuambie jambo la mwisho, kwa kuwa wewe hukutaka kurukiwa mstari. Nilipoisoma barua ile nilikaa kitandani, na kwa muda, pengine saa nzima, nilijuta. Niliwaza kwamba wewe umekwisha kufa, mjane wako hajui Kiingereza, na watu wa Nairobi wasingefika kwenye kaburi lako. Niliwaza kwamba jina lako tu lingemtoa mtoto wangu nyuma ya lile dirisha la maabara. Mshauri ananichukiza, lakini nilimkuta amekaa ndani yangu, ametulia, anatafuta nafasi ya kuandika.

Habona ndiye aliyenitoa kwenye mawazo hayo. Alisema ataomba tena mwaka ujao, akasuka nywele, akapanda basi kurudi chuoni. Wahadhiri wamerudi kazini, angalau wiki hii.

Kwa hiyo nimeivunja ahadi yangu kwako, mbele ya kila asomaye. Bonaya wa malka yetu hakuua mtu. Alificha mtoto wa watu, akaapa uongo, akafunga siku tatu. Kama jamaa zako watakukasirikia huko uliko, waambie wanijie mimi. Naishi Garsen na mlango wangu unajulikana. Nimechelewa miaka mingi kuyasema haya, na sikuombi unisamehe kwa barua. Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nikija huko, nitasubiri uanze wewe kusema.

Nduguyo wa ng'ambo ya mto,
Mwalimu