Wageni wa Bwawa la Shule

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine ya mwezi uliopita, ile niliyokuwa nayo barabarani nikakosa pa kuituma. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti la kushoto limepoa na la kulia halijaanza kumuiga mwenzake. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea usiwagawie majirani. Nakujua, mkono wako haujui kufumba. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Mjukuu wako, Bi Maswali, anakusalimu kwa swali: anataka kujua goti lako linapataje habari za mvua kabla ya redio.

Najua siku hizi huhangaiki kutafuta mtu wa kukusomea, maana mwalimu mzima yumo humo ndani. Basi mwambie huyo kitinda mimba wako asome kama nilivyoandika, asinisahihishe njiani. Shule niliiacha darasa la sita, nayo haikunililia. Lakini nimelala nchi saba na kula katika ya nane, na hakuna mpaka ambao askari wake hanijui. Mwandiko mbaya haujawahi kunizuia kupita.

Umeniuliza tumemfanyia nini mwanao huku mjini. Umesema alikuja na sanduku moja, anafagia uani asubuhi, mchana anafagia tena pale pale, na ukimuuliza anasema amechoka tu. Mama, hajachoka. Ameaibishwa. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe univumilie nikizunguka, maana mtu aliyezoea kuendesha lori refu hakati kona kwa mara moja.

Nyuma ya madarasa ya shule anayofundisha palikuwa na shimo la takataka: chupa, matairi, viatu vilivyoachwa na wenzao. Yeye na wanafunzi wake walilisafisha, wakalichimba vizuri, wakalitia maji na kupanda matete pembeni. Likawa bwawa. Si kubwa, lori langu likitumbukia humo, nusu litabaki nje. Hapo ndipo alipoanzisha mafunzo yake ya mazingira. Watoto walilala kifudifudi ukingoni na machujio ya chai yaliyofungwa kwenye vijiti, wakachota viluwiluwi vya chura na watoto wa kereng'ende, wakawatazama kwa kioo cha kukuzia, kisha wakawarudisha majini kwa adabu, kama mtu anavyomrudisha mtoto wa jirani aliyekuja kucheza. Kila familia ilipewa kijitabu cha michoro, ili mzazi na mwanawe wakae wajifunze pamoja nyumbani. Walimu wa shule nyingine walianza kuja kuuliza inafanywaje.

Nilijivuna kuliko yeye. Kwenye vituo vya malori niliwaambia madereva wenzangu kwamba mdogo wangu ana bwawa. Wakauliza, la kuogelea? Nikasema la elimu. Walicheka sana, nami nikawaagizia chai ili wacheke vizuri.

Ikapangwa siku ya maonyesho. Wangekuja walimu wa shule za jirani, wakubwa wa ofisi ya elimu na wazazi wote. Mambo yakienda sawa, mafunzo hayo yangepelekwa shule nyingine na mwanao ndiye angewafundisha walimu wenzake. Hilo alikuwa amelisubiri miaka. Lakini wiki chache kabla ya siku yenyewe, maji yakaanza kuchafuka. Matete yakang'oka na kulala. Machujio yakawa yanatoka matupu. Kila nilipopita pale nilimkuta amepiga magoti ukingoni, mkono wa blauzi umelowa hadi begani, akitafuta kiluwiluwi kimoja tu cha kumpa moyo. Alipunguza maji, akaongeza, akahamisha mawe. Wapi!

Mimi nikajua la kusema, maana ni mtu wa kujua la kusema. Nikasema ni sabuni ya Mama Dobi, yule anayefulia watu nguo kando ya uzio wa shule. Mwanao akanikatalia. Akaniambia maji ya Mama Dobi yanateremkia upande wa pili, na maji hayapandi mlima. Nikamjibu kwamba mimi nimeona mengi duniani. Basi nikalisema kwa mwalimu mkuu, nikalisema tena kwenye kikao cha wazazi uwanjani, nimesimama, kipaza sauti mkononi. Mama Dobi akaamriwa kuondoka pale. Akikusanya beseni zake alinitupia macho akasema shati nililolivaa nikimsema ni yeye aliyelifua, kola na yote. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Siku ya maonyesho ikafika. Mtoto wa kwanza alichota matope. Wa pili, matope. Bi Maswali akapata jani, akalitazama kwa kile kioo muda mrefu ili asimwangushe shangazi yake. Mkubwa mmoja wa elimu, suruali yake imenyooshwa pasi hata ungeweza kukatia mkate, akauliza kama somo lenyewe ni la mazingira au la ufinyanzi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwanao akajaribu kueleza, kicheko kikamfunika. Akawaomba radhi wageni, akawaomba radhi wazazi, kisha akageuka akawaomba radhi watoto. Aliwaambia huenda aliwafundisha kitu asichokijua. Mama, nilikuwa nyuma yake pale, nimemshikia mkoba. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba bwawa litafukiwa, pawe maegesho ya magari. Kesho yake mwanao akaomba ruhusa, akaja kwako.

Udongo wa kulifukia nilijitolea kuuleta mimi. Ndiyo, mimi. Nilijiambia likishapotea machoni yatakuwa yamekwisha.

Kwanza walileta pampu wavute maji. Nilikuwa nimeegesha pale, lori limejaa udongo, nikingoja kuambiwa nimwage. Maji yalipofika vifundoni, matope yakaanza kuruka. Watoto wakapiga mayowe. Kambare, Mama! Wenye sharubu, wanene kama mkono wangu, na mkono wangu unaujua. Mwalimu mkuu akashangaa wametoka wapi, na bwawa halina mto wala mfereji. Nikawa wa kwanza kumjibu. Nikasema ni mvua. Nikasema kambare hutembea. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasimamishia lori wakivuka lami, hata honi hawaijali. Na hilo la kutembea ni kweli, ndiyo maana lilifaa.

Mama Dobi alikuwa amekuja kutazama kama watu wengine. Akanipigia kelele toka ng'ambo ya uzio: mbona siwasalimii wageni wangu? Tangu niwalete wamekua, wamenenepa, wana ndevu kunishinda! Watu wakacheka hadi wakashikana mabega, maana mimi na yeye tunataniana tangu zamani. Nikacheka kuliko wote, nikawapungia kambare mkono.

Wakanipa mmoja wa kwenda nao nyumbani, mkubwa kuliko wote, eti mwenye lori apewe heshima yake. Mkweo alipokuwa akimpasua, Bi Maswali akakataza tumbo lisitupwe. Alilifungua juu ya kifuniko cha sufuria, taratibu, kama alivyofundishwa, akatoa mguu wa chura na bawa la kereng'ende. Akaniita jikoni. Akasema Baba, shangazi hakukosea, bwawa lilikuwa hai, huyu ndiye aliyelimaliza. Kisha akaenda kutafuta kile kijitabu cha familia. Alikikuta chini ya kikaango, kina alama ya duara iliyoungua. Akanifunulia ukurasa wenye samaki aliyepigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Hata kusoma hakukuhitajika, Mama. Picha tu. Na mwanao aliponiuliza zamani kama nimekisoma, nilimwambia nimekimaliza, na kwamba ni kitamu.

Sasa naomba huyo anayekusomea asiruke mstari hapa, wala asishushe sauti. Mdogo wangu, ni wewe ninayekuambia.

Mvua haikuleta kitu. Niliwaleta mimi. Katika safari moja, miezi kadhaa kabla ya maji kuchafuka, niliwavuta matopeni watu wanaofuga samaki, gari lao lilikuwa limezama, nao kwa shukrani wakanijazia dumu la kambare wadogo, kila mmoja kama kidole. Nilifika shuleni asubuhi kabla ya kengele nikawamimina bwawani kwako. Niliona bwawa la viluwiluwi tu ni kama sebule isiyo na kiti. Nilitaka siku ya maonyesho waibuke, wakubwa washangae, nawe uulize nani ameleta, nami nijitokeze nimenyoosha kola. Mama Dobi alikuwa akianika nguo. Nilimwambia nimeleta wageni, afunge mdomo, ni zawadi ya mwalimu. Akaufunga. Hata siku niliyomsema mbele za watu aliitunza siri yangu.

Ningeweza kuandika kwamba sikujua. Siku ya kumimina, ni kweli, sikujua. Lakini siku ile chujio lilipotoka tupu na wewe ukanitazama, moyo wangu uliruka kama samaki mwenyewe. Nilijua. Ndiyo maana nikawa mwepesi wa kumnyooshea kidole mfua nguo. Nilijua nikiwa nimekushikia mkoba. Nikakuacha uwaombe radhi watoto kwa kosa langu.

Tangu siku ya pampu nimemdanganya mwalimu mkuu kwamba giaboksi imekufa. Giaboksi haina neno. Udongo bado uko juu ya lori, na bwawa lina maji ya kifundoni na mizizi ya matete. Ningeendelea kunyamaza hivyo hivyo, kama si Bi Maswali kurudi juzi na furaha, akaniambia amewaeleza wenzake darasani jinsi mvua inavyoleta kambare, na mwalimu mgeni aliyeshika nafasi ya shangazi yake amewaandikisha daftarini. Mama, mwanangu anaufundisha uongo wangu.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Dobi kumwomba msamaha, jioni, mlangoni pake, kwa sauti ndogo. Hakunikaribisha ndani. Alisema nilimsema uwanjani kwa kipaza sauti, sasa nimekuja kumwomba radhi kwa mnong'ono kama mtu anayekopa chumvi. Akaniambia uwanja uko pale pale, haujahama. Akafunga mlango.

Basi Jumamosi ijayo wazazi wanakutana, na mwalimu mkuu amesema atakayekuwa na sababu ya bwawa kubaki aseme siku hiyo, la sivyo atatafuta lori jingine. Nitasimama. Nitaeleza habari ya dumu, ya Mama Dobi, na ya mkoba. Sikuandikii ili unizuie, wala sikuombi unisamehe kwa haraka. Nilitaka tu ulisikie kwangu kabla halijakufikia kwa watu.

Ila nina hofu moja, mdogo wangu. Tangu tukiwa wadogo kila nikisema neno watu hucheka. Nilicheka mwenyewe Mama Dobi aliposema kweli, ikapita kama utani, ikanificha. Nikisimama Jumamosi nikasema ni mimi, watacheka tena, watasema huyo Dereva na vituko vyake, na udongo utamwagwa. Nahitaji mtu mmoja pale mbele asiyecheka. Sina mwingine wa kumwomba.

Mama, kama umetabasamu popote katika barua hii sikulaumu, ndivyo ulivyonizoea. Lakini mtazame usoni huyo anayekusomea, ndipo ujue sitanii. Nisalimie majirani wote, pamoja na yule anayedai nilimvunjia ungo. Ni kweli nilimvunjia. Chua goti kabla ya kulala. Fagio mnyang'anye mwanao, uani pameshakuwa safi.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Dereva. Zile nchi saba ziache leo.