Bomba la Hewa Nililolichagua Mwenyewe

Jumamosi, Agosti. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mifupani. Mlima haujaonekana, leo siku ya nne.

Sijaandika hapa tangu Machi. Waliokuwa wakinisoma watakumbuka nilichokuwa nikiandika: gari langu, turbo yake, ile feni inayoisukumia injini hewa, picha za injini kabla na baada ya kuoshwa. Andiko langu la mwisho lilikuwa la kusifia bomba jipya la kuvuta hewa. Nimelisoma tena jioni hii. Niliandika kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto.

Sitalifuta. Lakini leo naandika lile ambalo sijamwambia mtu kwa miezi minne.

Kwa asiyelijua, gari lenyewe ni la spoti, la milango miwili, la Kijapani, na limezeeka. Baba yangu aliishi miaka ambayo hata tairi la pikipiki lilihitaji kibali na mtu wa kukujua ofisini. Mimi niliketi kwenye mkahawa wa intaneti mjini, nikabonyeza picha, na baada ya miezi miwili gari likateremshwa bandarini Dar es Salaam. Mwalimu wa fizikia wa sekondari, na gari lenye turbo! Nilitembea kama mtu mrefu zaidi.

Mwezi wa pili boksi la filta lililotoka nalo kiwandani lilipasuka mfuniko. Likawa linaingiza vumbi, na vumbi ndilo adui wa turbo. Mapanga yake yanazunguka kwa kasi ambayo chembe ya mchanga inageuka risasi. Kwa hiyo nilihitaji kitu kingine cha kuvutia hewa, na nilikitafuta kwa wiki tatu kama mtu anayetafuta mchumba.

Fundi wangu anaitwa Hosea. Ana gereji Olasiti, uwanja wa changarawe wenye mabati upande mmoja. Ni mtu mzima, Mmeru, mpole, anayefuta spana kabla ya kukujibu. Siku hiyo aliniwekea vitu vitatu juu ya meza yake.

Cha kwanza kilikuwa filta ya koni, ile inayokaa wazi ndani ya boneti. Inapiga mluzi mtamu ukiachia mafuta, lakini inavuta hewa ya moto iliyo jirani na turbo, na hewa ya moto ni nyepesi. Cha pili, bomba refu la alumini, linaloteremka kando ya betri hadi nyuma ya bampa, filta ikiwa kwenye ncha yake, shubiri moja na nusu kutoka ardhini. Hewa ya huko chini ni baridi, nzito, injini inaipenda. Cha tatu kilikuwa boksi lililofungwa, jeusi, la plastiki, lenye mdomo juu nyuma ya taa. Halina mluzi, halina mng'ao. Ukifungua boneti hakuna atakayeuliza.

"Mwalimu," Hosea aliniambia, "chukua hili boksi. Hilo bomba linavutia chini mno. Siku ukikuta maji, litakunywa maji."

Nikacheka. "Fundi, mimi naendesha barabarani, si mtoni."

Alifuta spana, akafunga bomba.

Maji hayabanwi. Naliandika hilo ubaoni kila mwaka, kidato cha tatu, na wanafunzi wananakili. Pistoni ikipanda ikakuta maji badala ya hewa, kuna kitu lazima kivunjike. Sikuhitaji fundi wa kuniambia. Nilijua kuliko yeye.

Ila gari lilivuta! Kutoka Ngaramtoni kupanda kwenda juu, unakanyaga na kiti kinakusukuma mgongoni. Mwezi mzima nilikuwa nikitafuta sababu ya kupita barabara ile.

Sababu ilipatikana Aprili. Binti wa dada yangu alipata kipaimara Oldonyo Sambu, juu kwenye barabara ile ile. Dada yangu mkubwa, Aikande, aliolewa huko na Lazaro, Mwarusha, mkulima wa mahindi na maharage na mfugaji wa mbuzi. Ni mtu aliyezoea kutembea kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alikuwa akitoka nyumbani na mbuzi alfajiri na kurudi jioni, hana hata alama ya uchovu. Ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wao, na aliiongoza akiwa amesimama kwa vidole vya miguu.

Tulikula, tukaimba, mvua ikanyesha juu mlimani. Kwetu pale ilikuwa manyunyu tu. Saa tisa nikaaga. Lazaro akasema atanisindikiza hadi barabara ya lami, maana njia ya kutoka kwao inakata korongo.

Tulipofika, maji yalikuwa yanapita. Si mengi. Ya rangi ya chai ya maziwa, chini kidogo ya magoti ya mtu.

"Shemeji, tusubiri," Lazaro alisema. "Nusu saa, yakishuka tutapita."

Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nimewaambia watu kwamba nilikuwa nikiwahi kusahihisha mitihani. Mitihani haikuwepo. Nilitaka kuona maji yakiruka pande zote mbili. Nilitaka Lazaro aone gari langu linaweza nini.

Nikaingia kwa kasi.

Katikati ya korongo injini iligonga mara moja, kama mtu aliyepiga chuma kwa nyundo, kisha kimya. Nikajaribu kuwasha, haikuzunguka hata kidogo. Lazaro alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kwenye kiti, akakunja suruali, akashuka. "Wewe shika usukani," akasema, "mimi nisukume."

Nilishika usukani. Miguu yangu ilikuwa mikavu.

Sikuyaona maji yalipoongezeka. Niliyasikia, sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Yalikuja na matawi, na mawe, yakalisukuma gari kando na kulirudisha nyuma. Lazaro alikuwa nyuma yake. Nilisikia akiniita kwa jina langu, jina la ubatizo, ambalo hajawahi kulitumia. Gari lilikuwa limembana mguu kwenye jabali.

Wanaume waliotoka kwenye sherehe walikuja wakikimbia na suti zao. Walifunga kamba, wakavuta, wakamtoa. Siku ya nne hospitalini, madaktari waliukata mguu wa kulia chini ya goti.

Mchungaji alisema ni mapito. Ndugu walisema ni korongo, korongo lile limeshachukua hata ng'ombe. Walioniuliza gari lilizimikaje niliwajibu, "Maji yaliingia kwenye injini." Ni kweli tupu. Hakuna aliyeuliza yaliingilia wapi.

Miezi minne nimejificha nyuma ya sentensi hiyo.

Leo asubuhi Hosea alinipigia simu. Injini imekamilika. Ameweka pistoni nyingine na mkono wa pistoni mahali pa ule uliopinda, gari linawaka, limebaki kufungwa kitu cha kuvutia hewa. Nije nichague.

Nilimwambia mke wangu nalitengeneza ili niliuze. Labda. Lakini wiki iliyopita nilikaa saa nzima kwenye kompyuta ya shule nikisoma habari za filta, za kipenyo cha mabomba, na moyo ukanienda mbio kama zamani. Lazaro anajifunza kutembea kwa magongo, na mimi nasoma vipenyo vya mabomba. Nikazima kompyuta, lakini ile saa nilikuwa nimeifurahia. Ndivyo nilivyo, na imenitisha.

Gereji, vitu vile vile juu ya meza. Bomba la alumini lilikuwa limeoshwa nje. Nikachungulia ndani, nikaona tope la korongo limekauka, limeshika ukutani kama ugoro. Nilisubiri Hosea aseme neno. Nilitamani aseme. Mtu akikulaumu unapata mahali pa kusimama, hata kama ni pa kujitetea. Yeye aliangalia mikono yake.

"Fundi, uliniambia," nikasema.

"Nilikwambia, Mwalimu." Akaokota spana, akaifuta. "Lakini mimi ndiye niliyelifunga. Silali vizuri."

Sikujua. Miezi minne yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa na jambo hili kifuani, kumbe nimempa na mzee wa watu sehemu yake abebe.

Nikachagua boksi jeusi. Ilichukua dakika arobaini kulifunga. Ni chaguo la dakika arobaini, na mtu angekuwa na miguu miwili.

Nilipotoka pale sikurudi nyumbani Engutoto. Nilielekea Oldonyo Sambu. Gari lilikuwa kimya, linavuta kwa adabu. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani hadi Ngaramtoni na kupita. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na nililivuka taratibu nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva.

Lazaro alikuwa ameketi nje kwenye benchi, blanketi begani, magongo yameegeshwa ukutani. Mbuzi walikuwa zizini mchana wote, wanalia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. Akalitazama gari.

"Limepona," akasema.

Nikaketi kando yake, nikamweleza. Vitu vitatu juu ya meza, maneno ya Hosea, kicheko changu. Nikamwambia kwamba mitihani haikuwepo. Nilisema haraka haraka nikitazama chini, na nilipomaliza, nikawa naona kiatu chake kimoja.

Akauliza, "Fundi alikwambia lini?"

"Februari."

"Na mimi nilikwambia tusubiri. Hilo nalikumbuka. La fundi sikulijua." Akavuta blanketi. "Kwa hiyo uliambiwa mara mbili."

"Ndiyo, shemeji."

"Na hilo bomba lilikuwa linakupa nini?"

Nilitamani kuwa na jibu kubwa. "Gari lilikuwa linavuta vizuri kwenye mlima."

"Kwenye mlima," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kukumbuka neno la lugha nyingine. Ningependa kuandika kwamba alinishika mkono. Hakunishika.

Akasema, "Dada yako yuko jikoni. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe. Mimi sitambebea habari hii."

Aikande alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nilisimama mlangoni nikasema yote mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ndiye aliyenilea mama alipokuwa akiuguzwa, na ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Vidole vyake havikusimama. Alitoa jiwe, akatupa. Akatoa lingine. Nilipomaliza aliendelea kuchagua hadi ungo ukaisha.

"Yeye umemwambia?"

"Nimemwambia, dada."

"Amesema nini?"

"Amenituma kwako."

Alisimama, akaweka ungo juu ya pipa. Uso wake haukuwa na machozi. Ningevumilia machozi.

"Miezi minne," akasema, "nimekuwa namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu ile siku mimi ndiye niliyemwambia Lazaro akusindikize. Nililala na hilo kila siku. Na wewe ulikuja hapa kila Jumapili, ukala chakula changu, ukaniangalia."

Nikatazama ungo juu ya pipa.

Nilitoka. Nilipokuwa natafuta ufunguo mfukoni, alinifuata uani, akasimama mbali kidogo na gari.

"Usilete tena gari hili hapa."

"Sitalileta."

"Jumatano ana kliniki ya mguu. Saa mbili anatakiwa awe amefika hospitali. Tafuta gari lingine uje umchukue." Akageuka, akaingia ndani.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja. Mke wangu ameniuliza kama gari limekuwa zuri, nikamwomba aketi, nikamwambia na yeye. Ameinuka katikati ya maneno yangu akaenda kuchemsha chai, na chai hiyo hatujainywa.

Sijui nitalifanya nini gari. Nikiliuza, atakayelinunua atafungua boneti, ataona boksi jeusi, na hataniuliza chochote. Nikilibakiza, je, najiamini? Leo, wakati nateremka kutoka Oldonyo Sambu, kuna mahali barabara ilinyooka na mguu wangu ulikanyaga wenyewe. Nikauondoa. Lakini ulikanyaga.

Nimempigia mwalimu mwenzangu wa jiografia, mwenye pikapu, kumwomba aniazime Jumatano. Amesema hakuna shida, kisha akauliza ni safari ya nini.

Nikamwambia ni ya kumpeleka shemeji yangu kliniki, kwa sababu nilionywa mara mbili na sikusikia.