Maji ya Langoni

Kaka Lamjed mpenzi,

Salamu zikufikie huko Palermo pamoja na kopo la harisa, pilipili yetu ya kusaga, analokuletea jirani yetu Mondher. U mzima? Kifua kimepoa? Sisi tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu Mama huketi ubavuni mwangu, na haya hataki uyasikie.

Jana alinishikilia nimpeleke kwenye Lango la Warumi. Unakumbuka lilivyo: nguzo mbili na kipande cha tao, mbuzi wa watu wakijikuna humo. Sasa limezungushiwa waya kwa kuwa mawe yanadondoka. Mlinzi, Shedli, alipomwona Mama na birika lake akamtania kwamba kwa kumwagiliwa kote huko mawe yangeshazaa zeituni. Mama akamwambia aache domo afungue, yeye alipita hapo Shedli akiwa bado anafutwa kamasi. Akafungua.

Najua hupendi kukumbushwa, lakini uliondoka alfajiri bila kuaga, wala hakuna aliyekumwagia maji nyuma ya visigino pale langoni, kama tunavyomwagia kila msafiri ili arudi. Ndiyo maana Mama huenda kila Ijumaa kukumwagia. Nimemweleza mara ngapi kwamba kinachokuzuia ni karatasi, kwamba ukitoka huko hawatakuruhusu kuingia tena. Husema karatasi ni zao, maji ni yake.

Jana alimwaga kidogo tu, akaegemea nguzo, akihema. Ndipo akaniambia kuwa Jumatatu ya wiki ijayo anakwenda Tunis kupasuliwa moyo, na daktari hakumficha kitu. Kumbe amejua tangu Ramadhani, nami nalala naye chumba kimoja. Nililia mbele ya Shedli bila haya. Nikashika birika nimmwagie na yeye, akanizuia mkono. Alisema yaliyobaki ni ya Lamjed, nisiyagawe. Yeye hata asiporudi, ameshaishi.

Sikwambii uje. Nikikuita nakukatia riziki, nikinyamaza nakunyima mama. Nimeshindwa kulibeba jambo hili peke yangu, kaka, nisamehe.

Birika nimelijaza upya na kulificha chini ya kitanda. Jumatatu hiyo basi la Tunis likipita langoni nitamwaga nyuma yake, atake asitake. Ila naogopa mkono wangu peke yake hautatosha. Ningependa birika tulishike wawili.

Wasalimie wote unaoishi nao. Mama anakusalimu kila siku, hata asiponituma.

Mdogo wako,
Dalenda